Mlima Unataka Gia, Si Injini Kubwa

Kwenye vijiwe vya bodaboda vya Uyole, Mwanjelwa na Kabwe jijini Mbeya, na kwenye vile vya Ipogoro, Kihesa na Mlandege mjini Iringa, kuna kauli ambayo karibu hakuna anayeibishia: huku ni milimani, kwa hiyo anayenunua pikipiki ya chini ya cc 150 ametupa pesa yake. Fundi anaisema, muuza pikipiki anaisema, tajiri anayetoa pikipiki kwa mkataba anaisema, na kijana anayeanza kazi anaimeza nzima kabla hajauliza injini inafanya nini hasa inapopanda mlima. Wapo sasa wanaoona hata 150 ni ndogo, wanaulizia 200 na 250. Nasema kauli hiyo si kweli, na kwamba inaumiza watu. Inawatoa wenye kipato kidogo fedha za mafuta kila siku, inaficha matatizo ambayo dawa yake ni ya bei ndogo, na inatia mwendo mkubwa mikononi mwa watu ambao barabara zao haziuvumilii. Kwa sehemu kubwa ya kazi inayofanywa na pikipiki Mbeya na Iringa, injini ya cc 100 hadi 125 inatosha.

Tuanze na mlima wenyewe, maana mlima unapimika. Chukua pikipiki ya kilo 110, dereva wa kilo 70, abiria wa kilo 70 na gunia la kilo 70 lililofungwa nyuma. Jumla ni kilo 320, mzigo mkubwa kuliko unavyopaswa kuwa. Uweke kwenye mwinuko unaopanda mita 12 kwa kila mita 100 za barabara. Barabara kuu za lami kwa kawaida hujengwa kwa mwinuko mdogo kuliko huo. Ukiupata, ni kwenye vichochoro vya mitaa iliyokwea chini ya mlima Loleza, au kwenye njia za vumbi za Umalila na Kilolo. Kuzipandisha kilo hizo 320 kwa kilomita 20 kwa saa, ukijumlisha ukinzani wa matairi kwenye barabara isiyo nzuri, kunahitaji nguvu farasi 3.3 hivi kwenye gurudumu la nyuma. Boxer BM 100, moja ya pikipiki ndogo zinazojulikana sana, injini yake hutoa karibu nguvu farasi 8 ikiwa usawa wa bahari. Iondolee hasara ya hewa nyepesi ya Mbeya, iondolee na kinachopotea kwenye gia na cheni, itabaki na zaidi ya 5.5 kwenye tairi. Hata dereva asipoifikisha kwenye mzunguko wake wa juu kabisa, bado ana akiba. Mlima tunaoambiwa utaiua injini hiyo unapandwa kwa zaidi kidogo ya nusu ya uwezo wake.

Sasa tuilete BM 150, yenye karibu nguvu farasi 12. Baada ya makato yale yale inabaki na 8 na nusu hivi. Je, inapanda mlima ambao ndogo imeshindwa? Hapana. Inapanda mlima ule ule kwa haraka zaidi. Na mzigo wetu wa kilo 320, ndogo itapanda kwa kilomita 30 kwa saa na ushei, kubwa itapanda kwa 45 hivi. Katika mlima wa kilomita 3 hiyo ni dakika 6 kwa dakika 4. Hapo ndipo ulipo moyo wa ubishi huu: nguvu inayozidi mahitaji ya mlima haimpi mtu uwezo wa kupanda, maana uwezo huo anao tayari, inampa mwendo. Na dakika mbili zilizookolewa mlimani, dereva anakwenda kuzitumia kijiweni akisubiri zamu yake ya abiria, mara nyingi kwa nusu saa nzima.

Anayeona hesabu hizo ni za kwenye karatasi tu na asimame Kitonga, pale barabara ya TANZAM inapopanda kutoka Ruaha Mbuyuni kuelekea Ilula. Malori yanayokwenda Zambia na Kongo yanapita hapo yakiwa na tani 50 na zaidi, kwa injini za nguvu farasi 400 hivi. Gawanya: ni nguvu farasi 8 kwa kila tani moja. Pikipiki yetu ya cc 100, pamoja na abiria wake na gunia lake, ina nguvu farasi 25 kwa kila tani. Yaani chombo tunachokiita kidogo mno kwa milima kimejaliwa nguvu, kwa uzito wake, mara tatu ya chombo ambacho kimebeba uchumi wa nchi tatu kwenye mlima ule ule kwa zaidi ya nusu karne. Na malori hayo yanapanda. Yanapanda taratibu, yakiwa kwenye gia ndogo, na hakuna dereva wa lori anayeingia Kitonga na gia kubwa halafu akailaumu injini.

Kwenye pikipiki jambo hilo la gia limesahaulika kabisa, na usahaulifu huo ndio uliozaa imani ya injini kubwa. Msikilize dereva aliyepakia abiria wawili akipandisha kutoka Mafiati. Yuko gia namba tatu, mkono umefungulia mafuta mpaka mwisho, injini inakoroma na kugonga, pikipiki inasuasua. Anasema haivuti. Injini ina nguvu, ila amekataa kuipa nafasi ya kuzunguka. Angeshuka namba mbili, au moja, ingezunguka haraka, ingepumua, na mlima ungekwisha. Wengi wanaona kushuka gia ni kushindwa, na kelele za mzunguko wa juu wanazichukulia kuwa ni mateso ya injini. Ni kinyume chake. Injini ndogo imetengenezwa izunguke haraka. Kinachoichosha ni kusukumwa kwa nguvu huku inazunguka polepole, kwa sababu hapo ndipo pistoni inapogongwa na moto uliowaka mapema, na joto linapokosa pa kwenda.

Halafu kuna kifaa ambacho hakitajwi kabisa wakati wa kununua, nacho ni yale magurudumu mawili ya meno yanayovuta cheni, ambayo mafundi huyaita sproketi. Ya mbele ikiwa na meno 14 na ya nyuma 42, gurudumu la nyuma linapata kiasi fulani cha nguvu ya kusukuma. Badilisha ya mbele iwe na meno 13 na ya nyuma 45, na nguvu hiyo inaongezeka kwa asilimia 15 bila kuigusa injini. Gharama yake ni ya sproketi mbili na cheni, vitu ambavyo dereva wa bodaboda huvibadilisha kila baada ya muda kwa vyovyote vile, maana vinalika. Ukiiangalia sproketi ya mbele iliyochoka utaona meno yake yamelala upande mmoja na kuchongoka kama ndoana, cheni imelegea na inaruka; pikipiki ya namna hiyo haiwezi kuvuta vizuri hata ukiiwekea injini ya lori. Hasara ya mabadiliko hayo ni kwamba mwendo wa juu kabisa kwenye tambarare unapungua kwa kadiri hiyo hiyo. Pikipiki iliyoweza kilomita 90 kwa saa itaishia 78 hivi. Ndani ya mji sheria hairuhusu kuzidi 50. Sioni mtu aliyepoteza kitu.

Watakaobaki na ubishi watasema nimelipuuza suala la hewa. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Iringa kama mita 1,600, na barabara ya kwenda Chunya inapanda zaidi ya mita 2,300. Hewa huko ni nyepesi, injini inameza hewa pungufu, na nguvu zinapungua. Ni kweli, na nimeshazikata kwenye hesabu za juu: Mbeya mjini kinachopotea ni karibu sehemu moja kati ya sita. Lakini tazama jinsi hoja hiyo inavyotumika. Hewa nyepesi inakata asilimia ile ile kwa injini ya 100, ya 150 na ya 250. Haibagui. Swali ni kama kinachobaki kinatosha, na tumeona kinatosha. Tena asilimia 15 za nguvu ya kusukuma tulizozipata kwa kubadili sproketi zinakaribia kulingana na kile mwinuko wa Mbeya ulichokichukua. Kuna jambo jingine ambalo hewa hii inalisababisha na ambalo mnunuzi wa injini kubwa halitatui. Kabureta iliyorekebishwa kwa hewa nzito ya pwani, ikiletwa huku bila kuguswa, inamwaga mafuta mengi kuliko hewa iliyopo. Plagi inakuwa nyeusi, moshi unatoka mweusi, pikipiki inasitasita na kunywa mafuta. Dereva anaona pikipiki dhaifu. Fundi anayejua kazi yake anaweka tundu dogo zaidi la kupitisha mafuta, anasafisha chujio la hewa lililojaa vumbi jekundu, na pikipiki inarudi. Ukinunua 150 na kuiacha na kabureta ile ile ya pwani, umenunua tatizo lile lile kwa kipimo kikubwa.

Hoja nzito zaidi ni ya mzigo, na nitaipa nafasi yake kwa sababu pikipiki za huku zinabeba kweli. Viazi vinashuka kutoka Kikondo na Ilembo kwa magunia, mbao na mkaa vinatoka Mufindi na Kilolo, madumu ya ulanzi yanaingia Iringa yakiwa yamefungwa pande zote mbili msimu wa mvua unapofika. Anayefanya kazi hizo anasema: injini yako ya cc 100 itanisaidia nini na magunia mawili ya viazi? Namjibu kwamba mzigo wa pikipiki una mipaka mingi, na injini si ya kwanza kufikiwa. Shokapu za nyuma zinafika mwisho, tairi inabonyea, spoku zinakatika, fremu inapata ufa pale inapounganishwa na mkono wa nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi kiasi kwamba usukani hausikii. Vyote hivyo hushindwa kabla injini haijashindwa kupanda. Pikipiki za 100 na za 150 za kampuni moja mara nyingi hazitofautiani sana kwa fremu na magurudumu. Kilichokua ni injini. Kwa hiyo mwenye 150 anabeba mzigo ambao injini inauweza lakini kila kitu kingine kwenye chombo hicho hakiuwezi.

Na mzigo wenyewe una tabia: ukipata nafasi, unaongezeka. Kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji za mwaka 2010, zilizohalalisha biashara ya bodaboda nchini, zinaruhusu abiria mmoja tu. Mshikaki, yaani kupakia wawili au watatu, umekatazwa tangu hapo, na kila mtu anauona kila siku. Dereva mwenye injini ndogo akipakia watatu, mlima unamwambia mapema kwamba amezidisha, kwa lugha ambayo hata askari wa usalama barabarani hana. Mwenye injini kubwa haambiwi kitu mpaka anapoanza kuteremka. Ndiyo maana siamini kwamba injini kubwa imekuja kutatua tatizo la mzigo mzito. Kwa sehemu kubwa imeuzalisha.

Kuhusu kuteremka, ajabu ni jinsi mjadala wote wa nguvu unavyoishia kileleni. Kila aliyepanda Mbeya atashuka. Barabara za huku hazina upande mmoja. Kwenye mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi, ambao wasafiri wote wa kwenda Tunduma wanaujua kwa ajali za malori yaliyokatika breki, kilo 320 zilizopandishwa zinataka kurudi chini zenyewe, na kazi ya kuzizuia ni ya breki. Pikipiki nyingi za kazi zina breki za ngoma mbele na nyuma, na ngoma ikipata joto inapoteza mshiko. Nitakubali jambo moja ambalo mpinzani wangu ana haki nalo: injini kubwa, ukiiacha kwenye gia ukafunga mafuta, inazuia zaidi kidogo kuliko ndogo. Lakini uzuiaji huo unatokana zaidi na gia uliyoichagua kuliko ukubwa wa injini, na anayeteremka na namba mbili kwenye cc 100 ana ulinzi kuliko anayeteremka na namba nne kwenye 150. Kuna pia hatari inayozaliwa na bei ya mafuta: madereva wanaozima injini kwenye mteremko na kuiachia pikipiki ishuke yenyewe ili kuokoa nusu lita. Kadiri injini inavyokunywa, ndivyo kishawishi hicho kinavyokua.

Kisha kuna ule mwendo wa ziada ambao injini kubwa inautoa. Nguvu ya mgongano haiongezeki sawa na mwendo. Inaongezeka kwa mwendo mara mwendo. Pikipiki iliyo kwenye kilomita 60 kwa saa ina nguvu ya kuumiza mara mbili na robo ya ile iliyo kwenye 40, na inahitaji umbali wa namna hiyo hiyo ili breki ziisimamishe. Sheria ya leseni za udereva inalijua hilo kwa namna yake: mpaka umewekwa kwenye cc 125, wa chini yake wakipewa daraja A1 na wa juu yake daraja A. Waliotunga sheria hawakuona pikipiki ya 125 na ya 150 kuwa chombo kimoja, ingawa vijiweni tumeamua kwamba ya kwanza ni ya kujifunzia na ya pili ndiyo pikipiki. Kijana wa miaka 19 anayepewa chombo cha kwanza cha maisha yake anapewa kile chenye uwezo wa kumfikisha kilomita 100 kwa saa, kwenye mji ambao lami yake inavukwa na watoto wa shule, ng'ombe na mikokoteni, na sababu anayopewa ni kwamba kuna mlima. Tumeshaona mlima unataka nini.

Inasemwa pia kwamba injini ndogo ikifanyishwa kazi ngumu inakufa mapema. Historia ya pikipiki za kazi inasema vingine. Katikati ya miaka ya 1970 wahandisi wa Honda walichunguza jinsi pikipiki zinavyotumika katika nchi zinazoendelea: zinazidishiwa mzigo, hazibadilishwi oili kwa wakati, zinapita kwenye vumbi na matope. Hawakujibu kwa injini kubwa. Walijibu mwaka 1976 kwa CG125, injini ya cc 125 iliyopunguziwa vitu vinavyoharibika, ikiendesha valvu zake kwa vijiti badala ya cheni ya ndani. Viwanda vya China viliinakili sana, na sehemu kubwa ya pikipiki za bei nafuu zilizofurika Afrika Mashariki miaka ya 2000, zile zilizoifanya bodaboda kuwa kazi ya vijana wengi, zilikuwa na injini ya ukoo huo. Ikaenda vijijini ambako hata baiskeli zilikuwa zinasukumwa. Nchini India, Splendor ya cc 97 imeuzwa tangu mwaka 1994 na imekuwa miongoni mwa pikipiki zinazonunuliwa zaidi duniani, katika nchi ambayo milima yake haina mfano kwetu. Super Cub ya Honda ilianza mwaka 1958 na injini ya cc 49, na ilipofika mwaka 2017 familia hiyo ya vipikipiki ilikuwa imetengenezwa zaidi ya milioni 100. Hakuna chombo cha injini kilichowahi kutengenezwa kwa wingi kama hicho. Dunia imebebwa na injini ndogo.

Kinachoua injini huku ni oili. Injini ya pikipiki inabeba lita moja hivi, na oili hiyo hiyo inalainisha pistoni, gia na klachi. Ikichoka, kila kitu kinachoka pamoja. Dereva anayefukuzia hesabu ya siku anaahirisha kuibadilisha wiki moja, halafu mbili. Anaongezea tu badala ya kumwaga. Chujio la hewa likitoboka halibadilishwi, vumbi la Ismani linaingia moja kwa moja kwenye silinda na kusaga ringi. Miezi michache baadaye pikipiki inatoa moshi wa bluu na kula oili, fundi anafungua injini, na hukumu inatolewa: ilikuwa ndogo. Injini ya 150 ikipewa matunzo hayo inakufa vivyo hivyo, ila spea zake ni ghali zaidi.

Tuje kwenye fedha, kwa sababu hapo ndipo kauli hii inapogeuka kuwa dhuluma. Tuseme dereva anakwenda kilomita 120 kwa siku, petroli ni shilingi 3,000 kwa lita, pikipiki ndogo inakwenda kilomita 50 kwa lita na kubwa 40. Ndogo inatumia lita 2.4, kubwa lita 3. Tofauti ni shilingi 1,800 kwa siku. Kwa mtu anayefanya kazi siku 26 kwa mwezi, mwaka mmoja unamnyang'anya shilingi 561,600. Na petroli ya huku haiwi rahisi kuliko ya Dar es Salaam: bei kikomo zinazotangazwa na EWURA kila mwezi hujumlisha gharama ya kuisafirisha kwa malori kuja nyanda za juu. Juu ya hapo kuna bei ya kununulia, ambayo inazidi kwa laki kadhaa, na ambayo kwenye mkataba inageuka kuwa miezi ya ziada ya kupeleka hesabu kabla kijana hajakabidhiwa kadi ya pikipiki. Tajiri anayeshauri 150 hanunui mafuta. Muuzaji naye hayanunui. Kati ya watu wote wanaorudia kauli hii, anayeilipia ni mmoja, na ndiye mwenye kipato kidogo kuliko wote.

Watasema abiria wanachagua pikipiki kubwa, na pikipiki kubwa inauzika kirahisi ikichoka. Kuhusu kuuzika, nakubali. Soko la mitumba linafuata imani iliyopo, na imani ikibadilika nalo litabadilika. Kuhusu abiria, sikubali sana. Mama aliyetoka sokoni Mwanjelwa na furushi lake anaulizia bei na anaangalia sura ya dereva kama amelewa, haulizii cc.

Kuna kazi ambazo injini kubwa ni haki yake, na sitaki ieleweke kwamba nazikana. Guta la matairi matatu linalobeba nusu tani ya matofali linahitaji cc 200 au zaidi, na bajaji iliyochukua sehemu kubwa ya safari za ndani ya miji hii miwili ina injini ya ukubwa huo kwa sababu inabeba watu kadhaa na bodi ya chuma. Askari anayefanya doria kwenye misitu, mhudumu anayepeleka chanjo kwenye vijiji ambavyo barabara inageuka kuwa mto wakati wa masika, mtu anayesafiri kila wiki kwenye TANZAM kati ya Makambako na Iringa akiwa katikati ya mabasi: hao wana sababu. Hata hivyo, kwenye matope yenyewe injini kubwa haina utukufu unaosemwa. Udongo mwekundu wa Rungwe ukilowa, kinachomvusha mtu ni meno ya tairi na gia ndogo, na nguvu ya ziada inalizungusha gurudumu mahali pamoja. Kwa upande wa pikipiki, kazi hizo ni chache ukilinganisha na safari za kilomita 4 za kumtoa mtu Uyole kumpeleka Isyesye.

Mahali pa kuanzia panajulikana. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi, vijana wakipata 4, wanawake 4 na watu wenye ulemavu 2, na vikundi vingi vya vijana huomba pikipiki. Maombi hayo yanaandikwa cc kwanza, halafu jina la pikipiki, kisha bei. Afisa maendeleo ya jamii anayeyapitia angeweza kutaka jambo tofauti: pikipiki ibebe kilo 140 za watu kwenye mwinuko wa mita 12 kwa mita 100 kwa mwendo usiopungua kilomita 20 kwa saa, itumie mafuta kiasi hiki, iwe na breki za kiwango hiki, na bei ijumlishe seti mbili za sproketi za milimani na mabadiliko ya oili ya mwaka wa kwanza. Vyuo vya VETA Mbeya na Iringa vina mafundi wanaoweza kuipima pikipiki hiyo kwa asubuhi moja, mlima upo nje ya geti. Muuzaji atakayeleta 150 na ailete, ipimwe pamoja na 100 na 125, na kikundi kionyeshwe kwenye karatasi moja gharama ya kila moja kwa mwaka mzima kabla hakijatia saini ya deni.